Swali Lililoning'oa Jino

Gereji ya Matairi,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa binamu yangu Twiga,

Pokea salamu zangu, nyingi kiasi kwamba ni mtu mwenye urefu wako tu atakayezibeba bila kuziburuza chini. U mzima? Kifua kinakuachia usiku? Bado unagonga kichwa kwenye kila mlango huko machimboni, au siku hizi umejifunza kuinama?

Sisi huku ni wazima, ukitoa jicho langu la kushoto, ambalo limefungwa kama duka lililofiwa, na jino moja la mbele lililohama bila kuaga. Usinihurumie. Waliolihamisha nao hawajambo kwa shida.

Mama yako, shangazi yangu, yu hai, anakula na anatukana. Naanza na hilo ili usiruke mistari kumtafuta. Sasa kaa chini.

Barua yako niliipata kwa dereva wa lori la kokoto. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma, na mbavu zenyewe zilikuwa zinauma tayari. Wewe! Uliyeniita Mtakatifu Pancha nilipookoka mwaka jana! Leo nasikia umebatizwa mtoni, na kwamba iliwabidi wahame mara mbili kutafuta kina, maana ukilazwa magoti yanabaki juu. Karibu nyumbani, ndugu yangu. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Umeniuliza Mkristo mpya afanye nini, maana kila kanisa linasema mafundisho ya kweli yako kwake na wengine wote wamepotea. Hawa wanakukemea kwa ajili ya siku ya ibada, wale kwa ajili ya maji ya ubatizo, wengine kwa ajili ya kunena kwa lugha. Kisha ukaongeza kwamba tawi la Nabii Radi limefika huko, na moyo wako umeelekea pale kwa sababu pale kuna nguvu.

Nguvu ipo, binamu. Imenikalia jichoni.

Umemuuliza mtu anayejua. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, hatujawahi kukubaliana. Lakini hili nimelisomea kwa uso wangu, na ada imelipwa na mama yako.

Mimi nami nilivutwa na kitu kile kile. Kanisa la Nabii lina spika nne, kila moja kubwa kama kabati. Debe tupu haliachi kuvuma, ndiyo, lakini nani anakumbuka methali wakati ngoma inampiga kifuani? Wakaiona mikono yangu hii, inayofungua nati za lori bila bomba la kuongeza nguvu, wakanipa cheo. Mbanaji. Mtu mwenye pepo akilazwa chini, wabanaji wanne wanabana mikono na miguu, kisha Nabii anavua mkanda wake na kulipiga pepo. Sheria ni moja: atakayeachia, pepo linamrukia yeye. Kwa hiyo hakuna anayeachia. Mtu akilia, bana. Akiomba maji, bana.

Zamu yangu ya kwanza ilikuwa Jumapili iliyotangulia hii ya jana. Nilivaa shati jeupe nikajiona jemadari. Wakamleta mgonjwa wa kwanza, amejifunika kanga usoni kwa aibu. Nikaukamata mkono wa kulia kama nilivyoelekezwa. Kanga ikateleza. Shangazi.

Mimi nilidhani yuko nyumbani anachambua mchele.

Kifafa chake unakijua tangu tukiwa watoto. Ulinifundisha wewe mwenyewe: mlaze ubavu, ondoa kitu chenye ncha, subiri, mpe maji akizinduka. Nabii alikuwa amemwambia kwamba huo si ugonjwa, ni pepo la ukoo, na vidonge vya hospitali ndivyo chakula chake. Vidonge vyenyewe nilikuwa navikanyaga pale pale sakafuni, vimemwagwa kama mtama wa kuku.

Pigo la kwanza lilitua mgongoni kwa upande wa kile chuma cha kufungia mkanda. La pili likaichana blauzi. Kwa la tatu shangazi akasema, taratibu kabisa, "Yesu wangu." Sasa niambie, pepo gani linaita jina hilo likipigwa?

Basi nikauliza. Sikuwa na jeuri. Haya, kidogo. Nikasema, "Nabii, samahani, Yesu alimpiga nani namna hii? Imeandikwa wapi, nami nisome?"

Nilitaka kweli kujua. Angenionyesha ukurasa, ningeendelea kubana, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nabii alijibu kwa maikrofoni. Simaanishi kwamba aliongea. Alinipiga nayo mdomoni, ikiwa imewashwa, na kanisa zima likalisikia jino langu likivunjika kwenye spika nne. Mtoto mmoja nyuma akasema amina.

Hapo nikaachia mkono. Nikamtia Nabii kichwa cha tumbo, akakalia ngoma, ngoma ikapasuka naye ndani. Wabanaji watatu wakanirukia. Mmoja nilimpiga kwa kiti cha plastiki mpaka kikabaki mguu mkononi. Wa pili alinitia kiwiko jichoni, ndiyo maana unaona naandika mistari inayopanda mlima. Nilikanyagwa mbavu, nikang'ata kitu, sijui kilikuwa cha nani. Mwishowe nikamtwaa shangazi mgongoni na mkanda wa Nabii mkononi, nikatoka. Mimi nasema niliwapiga sita. Waliokuwepo wanasema wawili. Waliokuwepo hawajui kuhesabu.

Usidhani yaliishia hapo. Jumatano wakanifuata gereji, wawili, na bomba la chuma. Unalikumbuka lile beseni la maji tunaloingizia mipira ya ndani kutafuta tundu? Walinizamisha kichwa humo. Mmoja ananiambia, "Nabii anasema ubatizo wako umefutwa." Nami natoa mapovu tu kama mpira wa pikipiki. Tajiri wangu, ambaye haendi kanisa lolote na huapa hata akipiga chafya, akatoka na spana ya magurudumu. Mwenye bomba alivunjika kifundo cha mkono, nilikisikia. Mwenzake aliacha viatu.

Lakini mle ndani ya maji, binamu, akili yangu hii ya darasa la sita ilifanya kazi. Gereji hatuuamini mpira kwa kung'aa. Tunauzamisha. Mpira mzima haugombani na beseni, unakaa tu. Nikasema, nikitoka hai, nitaenda kuzamisha kanisa jingine.

Alhamisi jioni nikaenda lile la mabenchi, kwa yule mchungaji mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Watu wake hawajai hata lori moja. Alikuwa anafundisha, akataja jambo fulani kwamba liko kwenye Biblia. Nikasimama na uso wangu kama nyama ya kusaga nikasema, "Mzee, wapi?"

Akafungua. Akatafuta. Akalamba kidole, akatafuta tena. Akaanza kuja kwangu, nami nikakinga uso kwa mikono yote miwili, mbele ya watu, mimi Jeki! Mzee akasimama. Akasema, "Kijana, haimo. Niliisikia kwa mwalimu wangu zamani, nikaibeba tu. Futeni hiyo, ndugu zangu." Alikuwa anakuja kunipa Biblia niangalie mwenyewe.

Nilikaa. Ndiyo, nililia, lakini kwa jicho moja tu, na lile lilikuwa linatoa maji hata bila sababu.

Ndipo akanionyesha habari ya watu wa mji mmoja waliohubiriwa na mtume. Mtume mwenyewe! Walimsikiliza kwa hamu, kisha kila siku wakawa wanayachunguza maandiko waone kama asemayo ndivyo yalivyo. Nikasoma mpaka chini nikitafuta pale mtume alipowapiga. Hakuna. Wamesifiwa! Sasa kama mtume alikaguliwa akanyamaza, huyu Nabii wetu ni nani hata swali moja liwe tusi?

Kwa hiyo jibu langu ni hili, lichukue jinsi lilivyo. Uliza imeandikwa wapi, kisha tazama mikono yao. Ukionyeshwa mstari, soma wa juu yake na wa chini yake, maana mstari mmoja unaweza kukatwa kama steki na kuuzwa kwa jina la mnyama mwingine. Angalia Yesu yuko wapi katika hayo mafundisho. Kama ukimtoa Nabii kila kitu kinaanguka, lakini ukimtoa Yesu ibada inaendelea vizuri tu, kimbia, na kwa miguu hiyo hakuna atakayekukamata. Mambo ya siku na maji, kaa nayo polepole, omba, uliza zaidi ya mtu mmoja. Hutakufa kwa kutojua leo. Watu wanakufa kwa kujua haraka.

Wala usifikiri nimehamia kwa mzee wa mabenchi nikafumba jicho lililobaki. Mpole naye anaweza kukutumbukiza shimoni, tena kwa upole. Namkagua kila nikienda. Ameshazoea, jana aliponiona alinyoosha Biblia kabla sijafungua mdomo.

Sasa nakuja kwa mama yako, na hapa utani nauweka pembeni.

Nilimsomea habari ya yule kijana wa kwenye Injili aliyekuwa akiangushwa, mara motoni, mara majini. Unajua ninavyosoma, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Shangazi akanikatiza. "We mtoto ni mwongo tangu ukiwa tumboni. Muite mwingine asome." Nikamwita fundi cherehani wa jirani. Akasoma, maneno yale yale. Shangazi akasema, "Rudia. Alimfanya nini?" Fundi akarudia: alimshika mkono, akamwinua. Shangazi akautazama mkono wake wa kulia, pale vidole vyangu vilipoacha alama, akanitazama mimi. Afadhali angenizaba.

Baadaye alinizaba, usijali. Nilimwambia basi Jumapili ijayo asirudi. Maana kuna awamu ya pili, binamu. Nabii amemtumia ujumbe kwamba pepo limeachwa nusu njia, na asiporudi kumalizia, litaruka limwingie mwanawe wa pekee. Wewe. Hofu hiyo hiyo juu yako ndiyo iliyompeleka pale tangu mwanzo, kwa siri, na ndiyo inayomfanya atake kurudi na mgongo ule ule, ambao una picha ya kile chuma hadi unaweza kusoma maandishi yake. Vidonge hataki. Ijumaa alianguka karibu na jiko, nikamuwahi kwa nywele.

Nikamwambia Nabii ni mwongo. Akanizaba upande wa jino. "Mgongo ni wangu, na mtoto ni wangu. Wewe una nini hapo?"

Nimewapiga wanaume, lakini hilo sina pa kulipiga.

Kwa hiyo usiniamini mimi. Mimi ni mwongo tangu tumboni. Itafute habari ya yule kijana mwenyewe, hapo ulipo, leo. Ukikuta Yesu alivua mkanda, panda lori uje uning'oe yaliyobaki. Usipokuta, mwandikie mama yako kwa mkono wako, si wa rafiki, anaujua mwandiko wako hata kama hasomi, zile herufi zako ndefu kama wewe. Mwambie huogopi. Kama unaogopa, soma tena mpaka uache, ndipo uandike. Dereva anageuza kurudi huku Ijumaa. Karatasi nimekuwekea humu, usiniambie hukuwa nayo.

Barua yako isipofika, Jumapili nitalala mlangoni, anipite juu. Kumshika sitamshika. Kumshika nimekoma.

Mjomba wako anakusalimu, anasema ubatizo haufuti deni la ile redio yake uliyoikalia. Mama yangu anakusalimu na kukuombea. Fundi cherehani anauliza kama suruali ilitosha urefu, nikamwambia asitarajie miujiza. Tajiri naye anakusalimu, amesema kitu cha kumhusu Nabii ambacho hakifai kupanda lori moja na salamu za watakatifu.

Bwana akulinde na mawe yanayoporomoka, na watu wenye majibu kabla ya swali. Akuinue kwa mkono, kama alivyomwinua yule.

Ni mimi binamu yako, akupendaye kwa jicho moja wiki hii na kwa yote mawili wiki ijayo,

Jeki.

Mkanda wa Nabii ninao. Nilitaka kuuvaa, ni ngozi halisi. Shangazi aliuomba jana, nikadhani anataka kuurudisha. Ameuning'iniza juu ya kitanda chake na anautazama, sijui kama anajiandaa kurudi au anajiuliza. Andika upesi.