Wali wa Kwanza wa Tadei

Katindiuka, Ifakara
9 Juni 1912

Mpendwa kaka Pantaleo,

Shikamoo. U hali gani huko Tabora kwenye kazi ya reli? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo haujambo, anatugombeza kama zamani. Mvua zilitosha, mto ulijaa ukarudi bila kubomoa nyumba ya mtu, na mpunga umekubali hata nami nimenenepa.

Sasa keti vizuri, maana nina habari za mdogo wetu Tadei.

Unakumbuka alivyokamatwa baada ya vita vya Maji Maji, akapelekwa boma la Wadachi la Mahenge kubeba ndoo za vyooni na kwenda kuzimwaga. Mnyororo walimfungua, ndoo wakamwachia, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Mwaka jana ndipo lilipotoka neno kwamba vyoo vya ndoo sasa basi. Yeye na wenzake watano wakachimba mashimo marefu, wakayajengea vibanda, na siku ya mwisho wakazitoboa zile ndoo kwa shoka, huku wakiimba! Kila mmoja akapewa jembe na mbegu za mpunga, arudi kwao.

Alipofika, kaka, nikafanya upumbavu ambao sikuthubutu kukuandikia. Unawajua watani wetu, hawana huruma. Nilimwendea binamu Leodegar nikambembeleza yeye na wenzake wasimtanie Tadei, kwamba ameteseka vya kutosha. Nani amewahi kuwaombea watani wanyamaze? Mimi, Serafina, nimefanya hivyo, na wao wakanisikia.

Basi Leodegar akikutana naye njiani humwamkia kwa adabu kama mgeni, anapita. Watu walipoona hata watani hawamgusi, nao wakajitenga. Teofili alipofiwa, msibani Tadei alitengewa chakula chake peke yake, kwenye jani la mgomba. Alilima, akarudi, akalala, hivyo hivyo mpaka mavuno. Siku moja akaniambia anataka kurudi bomani kutafuta kazi yoyote, maana kule wenzake wa ndoo walikula naye. Niliumia sana, kaka. Nikakamata jogoo, nikaenda kwa Leodegar kufuta maneno yangu. Alinicheka mpaka akapaliwa. Kumbe naye ulimi ulikuwa unamwasha mwaka mzima.

Jumapili iliyopita, baada ya sala, Tadei akawaalika watu waje kula wali wa mpunga wake wa kwanza. Mimi na shangazi Balbina tulipika, na kambale wa kutosha. Watu wakaja, wakanawa, wakakaa kuzunguka ungo. Lakini Tadei alipopeleka mkono, wengine wote wakairudisha yao magotini. Akafinya tonge peke yake, macho chini. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo Leodegar akaingia bila hodi, akamdaka mkono, akalitia lile tonge kinywani mwake mwenyewe.

"Mchoyo wewe!" akafoka, mdomo umejaa. "Miaka yote hiyo umewabebea Wadachi mavi, leo kutubebea wali ndugu zako unaona mzigo?"

Tadei akamtazama, kisha akasema taratibu, "Ya Wadachi niliyaweza. Ya kwako, Leodegar, yangetaka watu wawili na mti wa kuchukulia."

Kaka, tulicheka! Mama alijifunika uso kwa kanga, Teofili akaanguka ubavu. Na huku wanacheka mikono yote ikaingia ungoni, wakigombania kambale na Tadei, wakimsukuma kwa viwiko. Mimi mpishi nimeambulia ukoko, na sijawahi kula ukoko mtamu kama ule.

Jana nilimweleza Tadei kosa langu. Amenisamehe, ila anasema jogoo niliyempeleka alikuwa mdogo mno.

Mama anakubariki na anauliza lini utaleta mke. Shangazi Balbina anakusalimu, na Leodegar anasema sura yako ibaki huko huko. Mungu akulinde katika kazi zako, akurudishe kwetu na mifupa yako yote.

Tadei amekaa hapa ubavuni ninapoandika. Nimemuuliza nimwambie kaka nini kutoka kwako. Anafuta machozi ya kicheko na kusema, "Mwambie nimetukanwa mbele ya watu wote."

Dada yako akupendaye kwa moyo wote,
Serafina