Mkaguzi wa Makochi

Kwako Dada mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe pamoja na hao wazee unaowalisha na kuwaogesha. Natumaini mgongo umepata nafuu, na kwamba umeacha ile tabia yako ya kuinua watu wazima peke yako. Sisi huku hatujambo. Binti yako amerefuka, gauni za mwaka jana zinamwishia juu ya magoti. Mimi ni mzima, ila kiuno tu, na hicho ni cha kazi. Mkaguzi naye hajambo, na yeye ndiye sababu ya barua hii.

Nakuandikia nikiwa nimesimama kwenye meza ya kukatia vitambaa. Nimejaribu kuketi nikashindwa. Tangu asubuhi nahangaika kama kuku anayetaka kutaga: naandika mstari, naweka kalamu, nashika nyundo, naiacha, nakwenda mlangoni, narudi. Mkaguzi ananifuata kila niendako, kucha zake zikigonga sakafu, mpaka nimemwomba alale. Hakulala. Kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usidhani nimelewa.

Dada, uliandika kwamba unakuja mwisho wa mwezi kumchukua mtoto, na kwamba jengo unalokaa haliruhusu mbwa, hivyo nimtafutie Mkaguzi mtu wa kumchukua mapema ili mtoto azoee. Nilikujibu kwa neno moja tu, sawa. Sasa nataka ujue hiyo sawa imenifikisha wapi. Itabidi nianze mbali kidogo, maana mengi ya humu ndani hukuyaona. Sikulaumu. Ulikwenda kututafutia riziki, na mabati yaliyo juu ya kichwa changu hapa karakana ni jasho lako.

Unajua ulimwachia mtu wa aina gani. Mimi ni kapera ninayeshinda na misumari mdomoni. Mtoto akiniuliza kitu, ilibidi kwanza niiteme yote kiganjani ndipo nijibu. Akaona majibu yanachelewa, akaacha kuuliza. Alikaa chini ya meza hii hii akipanga vifungo. Watoto wa jirani walikuja kumwita wakacheze, akawatazama tu kama mtu anayetazama mvua dirishani, nao wakachoka. Nilijisifu kwa watu kwamba mpwa wangu ni mpole. Hakuwa mpole, Dada. Alikuwa mpweke, na mimi sikujua tofauti.

Mkaguzi mwenyewe alitoka ndani ya kochi. Nilinunua kochi bovu lililotupwa uani kwenye hoteli moja, nipate mbao na springi. Nilipochana mgongo wake nikakuta kitoto cha mbwa kimejikunja ndani ya sufi, macho ndiyo kwanza yanafunguka. Mama yake alikuwa amewahamisha wenzake wote akamsahau yeye, au labda alikusudia kurudi. Binti yako akanyoosha mikono yote miwili akasema wangu. Sikuwa na la kubishana, maana siku nyingi zilikuwa zimepita sijamsikia akitaka kitu.

Tangu hapo wakawa wawili, na nyumba yao ikawa makochi. Kochi kubwa, kabla sijaziba mgongo wake, huwa na uwazi nyuma ya springi, na mtoto mdogo na mbwa wanaenea humo vizuri kabisa. Humo walipika vifungo, wakalala mchana, wakagombana. Nilimsikia akimkaripia Mkaguzi kwamba hajanawa miguu. Sasa ikifika wakati wa kuziba, mimi na mtoto tulikuwa na desturi yetu: nagonga ubao kwa mpini wa nyundo nikisema hodi, naye anajibu kutoka ndani kwamba subiri kidogo, tunatoka. Anatoka yeye, anatoka mbwa, ndipo napigilia kitambaa cha mgongo.

Kisha wapakiaji wanakuja na mkokoteni kuichukua nyumba yake. Anasimama mlangoni, mkono kwenye sikio la mbwa, mpaka mkokoteni unakata kona. Halafu ananigeukia na kuniuliza nyumba inayofuata itakuwa ya rangi gani. Nilikuwa nacheka. Siku hizi nikikumbuka, sicheki.

Jina la Mkaguzi alilipata kwa haki. Kochi likiisha, yeye ndiye wa kwanza kulipanda. Anazunguka, anajipima, analala. Kukiwa na springi iliyokaa vibaya anashuka na kuniangalia usoni kama mwalimu wa hesabu, nami sina budi kufumua. Wateja husifu mkono wangu, na mimi huitikia asante kwa niaba ya mbwa.

Basi nilizungumza na mlinzi wa ghala la saruji, mtu mwema, mwenye ua mpana na hamu ya mbwa. Mara ya kwanza alipotaka kuja nilimwambia mbwa ana viroboto. Mara ya pili nikasingizia mvua. Mlinzi akasema yeye si sukari, mvua haimsumbui, na juzi Jumanne akaja kweli na kamba mkononi. Mbwa hayupo. Nikapiga mluzi uani, nikaita, nikainama chini ya meza. Nikamwambia labda amefuata majike, naye akaondoka akitikisa kichwa. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo, kisha nikarudi kwenye kazi nikiwa na haraka, kwa sababu daktari wa meno alikuwa anangoja kochi la chumba chake cha wagonjwa na nilikuwa nimechelewa.

Nikachukua kitambaa cha mgongo, nikakivuta, nikapigilia bila kuchungulia ndani. Sikubisha hodi. Tangu mtoto arefuke asienee tena humo ndani, desturi ile nilikuwa nimeiacha, na hata sikuona kwamba nimeiacha. Wapakiaji walipolinyanyua walilalamika kwamba zito. Niliwajibu kwamba mbao nzuri ni nzito, na wakiona kazi nyepesi waende kwa mafundi wa maboksi. Nilijivuna kweli, Dada.

Mchana binti yako akarudi kutoka shuleni. Alitazama pale kochi lilipokuwa, akaniuliza liko wapi. Nilipomwambia, aliangusha mkoba akatoka mbio. Sijawahi kumwona mtoto huyu akikimbia hivyo. Nikamfuata na aproni yangu na mkasi mkononi, watu wa mtaani wakidhani tumevamiwa. Njiani ndipo akanieleza, pumzi juu. Alikuwa amesikia habari ya mlinzi. Asubuhi, kabla ya kwenda shule, alimwingiza Mkaguzi nyuma ya kochi, akamwambia atulie mpaka atakaporudi. Alijua nyundo haimwamshi, maana amelala kwenye kelele za nyundo tangu kuzaliwa. Na alijua nitabisha hodi kabla ya kuziba, na Mkaguzi akisikia hodi hutoka. Alisema neno hilo kwa mshangao, kama mtu aliyekuta ufunguo hauingii kwenye mlango wa kwao.

Kwa daktari wa meno tulikuta wagonjwa wamelikalia kochi, kila mmoja na shavu lake. Mama mmoja alikuwa amekwisha kumlalamikia mhudumu kwamba kochi linapumua, akaambiwa ni woga wa sindano. Binti yako alipiga magoti nyuma ya kochi, akaweka mdomo kwenye kitambaa, akasema yeye yuko hapa, amerudi. Kochi likalia. Wagonjwa waliinuka kwa pamoja, na mzee aliyekuja kung'olewa jino akaapa kuwa limeacha kuuma. Nikachana mgongo wa kochi jipya mbele ya daktari mwenyewe. Akatoka Mkaguzi, mweupe kwa sufi, hoi kwa kiu, mzima. Alitii mpaka mwisho. Angeweza kubweka, hakubweka, kwa sababu aliambiwa atulie.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani, akampa mbwa maji kwenye bakuli la vifaa. Mimi sikuweza kucheka. Nilimshika mtoto mkono nikamuuliza kwa nini hakuniambia tu kwamba hataki kwenda kwa mama yake.

Akasema anataka kwenda. Akasema anataka sana. Ila ulipokuja ile mara moja alikuwa mdogo na mwenye homa, na tangu hapo wewe unamwona kwenye picha, na katika kila picha ameshika sikio la Mkaguzi. Kwa hiyo, akasema, Mama hanijui mimi, anamjua yule mwenye mbwa. Nikisimama peke yangu mlangoni atapita akinitafuta.

Dada, niliketi palepale kwenye kochi lililochanwa, kati ya wagonjwa, nikalia kama niliyeng'olewa jino.

Sasa nikuambie lililo moyoni, ndilo linalonizungusha humu karakana tangu asubuhi. Ulipoandika kwamba mbwa haruhusiwi, nilifurahi. Nilijua mtoto hataondoka bila mbwa, nikajiambia basi utaniachia wote wawili. Viroboto hawakuwapo. Mvua haikuwapo. Nilimngoja agome, ili lawama iwe yake na mtoto awe wangu. Kumbe yeye anahangaika akufikie, na mimi ndiye ninayeogopa kusikia sakafu hii ikiwa kimya.

Nimemwambia mlinzi atafute mbwa mwingine. Wewe tafuta jengo jingine, hata kama ni la ngazi nyingi. Na ukija, usije na tiketi ya kurudi kesho yake. Maliza likizo yako yote hapa, lala chumbani kwake, umsuke, mgombane kidogo. Mtoto hapakiwi kama kochi likishaisha. Mtakapokuwa mmezoeana, nitawafungia mizigo mimi mwenyewe, wote watatu, na nitajifunza kukagua springi zangu kwa makalio yangu.

Majirani wote wanakusalimu, na daktari wa meno anasema ukipata jino bovu uje, kochi limeshonwa upya. Ukifika, bisha hodi. Humu tumeanza tena kuitikia.

Ndani ya bahasha utakuta picha. Kwa mara ya kwanza yuko peke yake. Ameiomba mwenyewe, ili uanze kumzoea. Mtazame vizuri: ana kovu dogo juu ya nyusi, na masikio ni yako. Usihuzunike kwamba hakutazami. Mkaguzi alikuwa ameketi pembeni ya mpiga picha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Misumari