Mbuzi Wangu Ndani ya Mstari Mwekundu

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ila goti langu linalia kama bawaba kavu. Shemeji yako anakusalimu, ingawa leo kwa shingo upande.

Unawakumbuka watafiti waliowavika mbuzi wangu mikanda ya shingoni? Nikueleze: ndani mna chombo ambacho kila dakika kumi huweka nukta mahali mbuzi alipo, hivyo mizunguko yake yote huonekana. Jana mtafiti, binti mpole, aliionyesha kamati ya kijiji picha ya nukta hizo juu ya ramani. Nukta zilirundikana ndani ya mstari mwekundu, yaani shamba lako.

"Mzee, unafuga wezi wa mchana kweupe!" mwenyekiti akacheka. "Wafunge kamba kabla ya Jumapili, au uza wote."

Nikamwomba binti aikuze picha. Nukta zilikuwa penye kaburi la mama, upande wangu, ambapo mbuzi hujilaza kivulini kila adhuhuri.

"Mstari huu umeupata wapi, mwanangu?"

"Kwa mdogo wako, mzee. Alituletea ramani ya hati yake mpya."

Hati mpya! Umemmeza mama mzima mzima, kisha mbuzi ndio wanaoitwa wezi?

Sikuiambia kamati neno, nisikuvue nguo hadharani. Njoo Jumamosi tuutembee mpaka kwa miguu, kama baba alivyotutembeza sote wawili. Usipokuja, Jumapili nitasema. Mbuzi wangu hawajahama hata hatua moja.

Ni mimi, kaka yako.