Kuoga Mwaka Mto Chania

Nyanya, nakushika miguu kutoka huku Thika kwenye baridi. Atakayekusomea kadi hii asiruke neno.

Siku ya Mwaka imenikuta mbali na bahari, na mwaka mpya sharti uogwe, hata kama ni mtoni. Basi tulitoka Ruiru, mimi na Wanjiru, mke wa kaka, tukashuka mtoni chini ya maporomoko. Wazungu wamepageuza pwani yao. Walikuwa wamelala juu ya mawe kama samaki walioanikwa, wanawake migongo wazi, nguo zimeishia pajani. Nikavua buibui, nikafunga leso kifuani kama ulivyonifunza. Mmoja wao akapiga kelele eti mimi ndiye sina haya!

Mlinzi akaja mbio. Mimi mgeni hakuniuliza kitu. Wanjiru, aliyezaliwa ng'ambo ya mto huo huo, ndiye aliyeulizwa pasi ya ruhusa ya kutembea. Kisha mlinzi akawaambia wazungu wake, "Huyu mama ya Pwani, hapana jua."

"Najua sana," nikamwambia, nikaingia majini. Leso ikanigandama mwilini, wanaume wao wakakodoa macho, nami nikazama. Nilipoibuka nikamrushia Wanjiru leso ya pili. Aliitazama, akamtazama mlinzi, kisha akaifunga juu ya gauni lake, akaingia.

Nyanya, ulisema huyu wa bara hatakuwa wetu. Ameoga mwaka nami, akitetemeka, mbele yao wote.

Mungu akuweke mpaka tufike. Tunakuja pamoja. Mtandikie kitanda, na umwite mjukuu.