Kipande cha Ini la Papa Furaha

Jumatano, Sake. Mvua imepiga tangu asubuhi na barabara ya kutoka Goma ni tope tupu. Nimefika kwa dada yangu nimelowa na nimekasirika, na chai aliyonipa imepoa mbele yangu. Nikilala na hasira hii nitaamka mgonjwa, kwa hiyo naandika.

Leo nimeambiwa nimdanganye mjane.

Kwa wasioijua kazi yangu: ninachunguza saratani ya ini. Siwapapasi wagonjwa tumbo. Nasoma vinasaba vya seli zao, nione viliharibika wapi hadi seli zikasahau kuacha kuzaana. Nashuku sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyoanikwa vibaya, na hiyo ndiyo tasnifu yangu ya udaktari. Nimesomeshwa kwa jasho la mama yangu, aliyelima viazi kwenye vilima vya Masisi mpaka mgongo ukapinda.

Papa Furaha, mkulima wa Ntoto, alikubali tuchukue kipande kidogo cha ini lake. Sharti lake lilikuwa moja: kazi ikiisha, kirudi kwake. Katika ukoo wao mtu huzikwa na viungo vyake vyote. Alikuwa Mkristo, mwanakwaya hasa, lakini hilo la wazee wake hakuliacha. Nilimwahidi. Shefu wetu wa mradi alikuwa amesimama pembeni, naye akaitikia kwa kichwa.

Papa Furaha amekufa. Wamemzika, ila matanga hayajaondolewa, na wazee wa ukoo hawatayaondoa mpaka kile kipande kifike. Mkewe, Mama Furaha, haruhusiwi kushika jembe akiwa bado kwenye matanga. Wenzake wamekwishapanda. Shamba lake limejaa majani.

Kilichobaki kwetu ni kipande chembamba kilichohifadhiwa ndani ya nta, kinaenea kiganjani. Ndani yake nilikuta alama niliyoitafuta: kinasaba kinacholinda seli kimevunjika mahali palepale ambapo sumu ya ukungu hupavunja. Nililia siku hiyo. Kwa wagonjwa wengine sikuipata. Lakini kipimo cha mara moja hakiaminiwi na mtu. Lazima nirudie, na kurudia kutakimaliza chote.

Basi asubuhi nilikwenda kwa Shefu kuomba ruhusa ya kukirudisha Ntoto. Nilitegemea atanigombeza, aniambie naua kazi yangu mwenyewe. Hilo ningelielewa. Yeye alicheka kidogo, kisha akasema kwa upole, kama anayenifanyia hisani:

"Ubapatie tu nta yenye haina kitu ndani. Batajua namna gani? Kule Ntoto kuko mikroskopu?"

Nimeyarudia maneno hayo njia nzima na kila mara damu inachemka upya. Huyu si mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Ni mtoto wa hukuhuku. Mama yake alipofia mbali, alikodi gari, akabembeleza kila kizuizi barabarani ili amrudishe azikwe kwao, na sisi sote tulimchangia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Mama yake alikuwa mtu. Papa Furaha ni nyama.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba nilifikiria.

Nta tupu ziko kabatini, zinafanana na zile nyingine. Tasnifu yangu ingeisha, Mama Furaha angelima, kila mtu angeshukuru. Nilitoka maabara na vipande viwili mkobani, cha Papa Furaha na kimoja kisicho na kitu, kwa sababu sikuwa nimeamua. Nimesafiri navyo hivyo, vikigongana, nikimtukana Shefu moyoni ilhali wazo lake nimelibeba mwenyewe.

Kabla sijaanza kuandika, Mama Furaha amepiga simu. Amepanda kilima kutafuta mtandao. Ameniambia wazee wako tayari, ameuliza habari za barabara, amenipa pole ya mvua. Halafu akaniuliza:

"Dada, ile kitu unatuletea, iko yeye kweli?"

Hakuwa ananishuku. Alitaka tu kujua ajiandae kumpokea nani.

"Iko yeye, Mama."

"Basi nitanoa jembe."

Sasa najua gharama. Sura nzima ya tasnifu inabaki bila ushahidi, na Shefu akitaka kunifukuza, anifukuze. Nitamwambia Mama Furaha nilichokiona kwenye ini la mumewe, na kwamba mahindi yake ayaanike juu ya turubai, asiyaache chini, hata kama hakuna jarida litakaloniamini.

Nta tupu nimeitupa kwenye shimo la choo. Asubuhi tunapanda pikipiki kwenda Ntoto, mimi na Papa Furaha.