Benchi la Mama Foleni

Mwaka umetimia, mke wangu, tangu ututoke. Ninayoyaandika hapa ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Naapa, na binti yetu mkubwa amekaa pembeni ananitazama kama mkaguzi.

Ulianzia dirisha la kadi, ukiandika majina ya wagonjwa, ukaishia kuwa mkuu wa chuo kinachofundisha watu kuendesha hospitali. Penseli haikutoka nyuma ya sikio lako. Uliwasalimu wafagiaji kabla ya madaktari, maana wao, ulisema, ndio wanaojua bomba lipi linavuja. Hata ugomvi wetu wa nyumbani uliuandikia muhtasari, na kwenye kila muhtasari mwenye kosa nilikuwa mimi.

Wanafunzi walikuita Mama Foleni. Kila mwaka, kabla hawajafungua daftari, uliwapeleka wapya kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Kila mmoja alichukua namba, na akiitwa alimpisha wa nyuma yake, mpaka mgonjwa wa mwisho ahudumiwe. "Asiyeujua urefu wa foleni asipewe ofisi," ulisema.

Mmoja alitoroka akanywe chai, kisha akaleta ripoti ndefu kama shuka. Ukamuuliza kwa upole, "Yule mzee wa bandeji, ilikuwa mkono gani?"

"Wa kulia, Mama."

"Hapakuwa na mzee wa bandeji, mwanangu. Kesho, benchi."

Leo anasimamia hospitali ya vitanda mia tatu, na mlango wa ofisi yake unatazama foleni. Siku ya mazishi yako alilia kuliko mimi.

Benchi lenyewe nililichonga mimi, seremala wako, kwa siku moja, nikiwa na homa kali. Wagonjwa wawili walipona kwa kulikalia tu. Wala halijawahi kutikisika.

"Baba," binti yako ananikatiza, "Mama alikuwa anakunja karatasi anaweka chini ya mguu wa kushoto."

Haya, lilitikisika kidogo.

Lakini kuna jingine, nalo si dogo. Siku zako za mwisho ulinishika kidole ukaniambia, "Mume wangu, kliniki ya presha usiikose." Nikaahidi. Katika rasimu ya kwanza ya tangazo hili niliandika kwamba sijakosa hata mwezi mmoja. Binti yako akaisoma, akaiweka mezani taratibu.

"Yule muuguzi wa presha, Baba, miwani yake mipya umeionaje?"

"Inampendeza sana."

"Alistaafu mwezi ule ule tuliomzika Mama."

Ilikuwa sauti yako kabisa, mke wangu, hata namna ya kuinamisha kichwa. Akaomba kadi yangu ya kliniki. Ilikuwa nyeupe mwaka mzima. Ukweli ni kwamba nilifika kwenye geti la hospitali mara tatu; kila nikiliona benchi bila wewe, miguu ilinigeuza.

"Kesho, benchi," akasema.

Nimelipa. Jana nilichukua namba thelathini na saba. Nilipoitwa nikampisha wa nyuma yangu, na wa nyuma yake, kama sheria yako inavyotaka kwa waongo, mpaka nikabaki peke yangu. Presha iko juu. Nimepewa dawa, na tarehe ya kurudi imeandikwa kwa wino.

Na benchi linatikisika, nakiri mbele ya wote. Ile rasimu ya uongo nimeikunja mara nne, nikaiweka chini ya mguu wa kushoto. Sasa limetulia.

Unakumbukwa na mumeo seremala, binti zako wawili, mwanao wa kiume na mkewe, wajukuu watano, dada yako, wifi zako, na wote uliowakalisha benchini.

Hatutakusahau, Mama Foleni, kila namba itakapoitwa.