Kabla Lomayani Hajapelekwa Kisongo

Baba Naserian,

Barua hii sikuifunga. Nimempa wifi akusomee mbele ya mke wako na mbele ya yeyote atakayekuwepo hapo nyumbani, maana ningeifunga ungeikunja na kuitia mfukoni, useme ni maneno ya mwanamke mwenye wivu. Wivu sina, uliisha zamani. Mke wako simjui na namwombea heri. Lakini juzi tulikutana na wifi sokoni, akaniambia Lomayani wenu ameshapita miaka miwili na hajatamka neno, na kwamba Jumamosi unampeleka kwa yule mzee wa Kisongo akatwe udata kwa wembe, ule uzi wa nyama ulio chini ya ulimi. Niliacha nilichokwenda kununua nikarudi nyumbani.

Unakumbuka chumba chetu cha kwanza pale Kijenge, kile chenye sakafu ya mbao? Ulikuwa ukirudi kutoka gereji na mabuti yako mazito, na kabla hujagusa mlango Naserian ameshasimama anakungoja, mikono juu. Ulikuwa unamrusha mpaka nafumba macho. "Huyu mtoto ana masikio ya swala," ulikuwa ukisema, nami nikacheka, maana nilikupenda na nilipenda kukusikia ukimsifu. Ilikuwa sakafu, Baba Naserian. Zile mbao zilikuwa zikitikisika chini ya nyayo zake. Siku uliyokuja na ndala hakugeuka, ukasema amenuna.

Kliniki nako hatukukosa. Tulimvalisha ile kaptura ya kitambaa, akaning'inizwa kwenye mizani, anarusha miguu na kucheka, na nesi akaweka nukta yake kwenye rangi ya kijani. "Mama, hongera, mtoto ana afya." Ulikuwa ukinidai kadi nikirudi, unaitazama ile kijani kwa furaha, unaipeleka gereji kuwaonyesha wenzako. Kilo zilitosha. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama mtoto akiitwa anaitika, na wewe nilipokuambia kwamba haitiki ulinijibu kwamba watoto wa kwenu Machame ndio waongeaji, wa Kiarusha wanachelewa.

Halafu ikaja ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Mlinunua Land Rover chakavu wewe na mwenzako, mkaifufua, mkaanza kubeba watalii. Ukanunua televisheni. Shule za Kiingereza zikafunguliwa, na hukutaka mtoto wako asome kwingine. Uliniambia nimshonee gauni la bluu. Nilikuwepo siku ya usaili, nilikuwa nimekaa benchi lile lile ulilokaa wewe. Mwalimu alimuuliza jina lake kwa Kiingereza, Naserian akatabasamu. Akamuuliza kwa Kiswahili, akatabasamu tena, akanyoosha mkono kushika hereni za mwalimu. Ulicheka na wewe, kicheko cha aibu, na tulipofika getini ukanigeukia: "Umemdekeza mpaka amekuwa bubu!" Watu walisikia, na mtoto alikuwa katikati yetu ametushika mikono, anatutazama usoni mmoja baada ya mwingine kujaribu kuelewa nani amekosa.

Wiki ile ile ukaniaga kwamba unampeleka akamsalimie bibi yake. Nilimpaka mafuta, nikamfungia sweta. Mlirudi jioni ukiwa umembeba, kola ya gauni lile la bluu ina damu, naye ameufumba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Yeyo alisema ulimi umefungwa," uliniambia, ukimtaja mama yako. "Tumeufungua. Sasa ataongea." Ulikuwa na furaha. Hicho ndicho nisichoweza kukusamehe mpaka leo, kwamba ulikuwa na furaha, ukaketi ukaomba chai, ukangoja mtoto aseme baba.

Hakusema. Alikaa siku nyingi hali kitu zaidi ya maziwa, na wewe ukarudi porini na watalii wako.

Baadaye nilimpeleka mahali, nikakueleza, ila hukusikiliza, kwa hiyo leo utasikiliza kwa mdomo wa dada yako. Kulikuwa na kituo kidogo cha kanisa upande wa Themi, na pale palikuwa na mama mmoja aliyesomea makuzi ya watoto. Huyo hakuanza na mizani. Alivua viatu, akatandika mkeka juu ya saruji, akakaa chini na Naserian kana kwamba siku nzima ni yao. Alimpa maharage ayaokote kwa vidole viwili. Alimpandisha ngazi na kumshusha. Akawasha tochi aone macho yanaifuata vipi. Akampa mwanasesere wa matambara na kikombe kitupu, na binti yako akamnywesha yule mwanasesere, akampangusa mdomo, akambembeleza. Mimi niliulizwa anakula nini, analala vipi, anacheza na nani, akiogopa anamkimbilia nani, na nyumbani nani anampiga. Kisha, Naserian alipokuwa ameinamia shanga, msichana mmoja alikuja nyuma yake pekupeku akapiga kengele. Mimi niliruka. Yeye aliendelea kutunga shanga.

Yule mama hakuharakisha kusema. Alinirudisha kitu kimoja kimoja, kama anayenirudishia nguo zangu kutoka kambani. Miguu mizima. Mikono mizima. Macho mazuri, akili nzuri, moyo unaopenda watu. "Masikio tu, mama. Anapata ngurumo kidogo, maneno hayapati." Nililia, lakini nakuapia yalikuwa machozi ya kupumzika, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemtazama mtoto wangu mzima mzima, na akanionyesha pa kuanzia. Nikae mwangani anione uso. Nisipige kelele. Kila kitu kiwe na ishara yake na picha yake. Na sauti tumfundishe kwa mguso, kiganja chake kwenye koo langu, kisha kidole changu kwenye midomo yake, ajue sauti inatokea wapi na inaumbwaje. Mabaki ya usikivu aliyokuwa nayo, alisema, yangetosha kumpa maneno kadhaa ya mdomoni, pengine mengi.

Aliposogeza kidole kwenye midomo ya mtoto, Naserian alimng'ata mpaka damu ikatoka, akajificha chini ya meza. Baadaye sana, kwa peremende, alikubali kupanua kinywa. Yule mama alitazama chini ya ulimi, akaona lile kovu, akaniuliza taratibu nani amefanya hivi. Nilisema ni baba yake. Tulijaribu mwaka mzima, na hakuna mkono uliokaribia mdomo wake, hata wangu. Ulimi ule haukuwahi kuwa na kosa lolote, na wembe wako ndio ulioufunga.

Niliporudi siku ile ya kwanza kukueleza ulisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Kwetu hakuna viziwi," ulisema, "na usimwekee mwanangu alama mtaani." Ulipanga chumba kwingine kabla ya Krismasi. Nasikia kanisani huko unawaambia watu kwamba binti yako wa kwanza alizaliwa hawezi, ukaombewa. Nina uchungu, Baba Naserian. Nikikumbuka ulivyokuwa ukimrusha juu nina uchungu zaidi, kwa sababu ulimpenda, na kupenda kwako hakukukufanya utake kumjua.

Sasa ni msichana mrefu, ana nyusi zako. Shule zenye usaili hazikumtaka, ya serikali ilimweka nyuma ya darasa lililojaa mpaka akaacha kuinua kichwa, nikamtoa. Namfundisha barazani. Anasoma, anaandika, ananishinda hesabu. Mimi na yeye tunaongea kwa mikono siku nzima mpaka majirani wanatucheka. Lakini hajawahi kuniita mama kwa sauti, na anapopiga mwayo bado anauziba mdomo kwa viganja viwili.

Lomayani sijui ana nini. Huenda hasikii, huenda anasikia vizuri na kichwa chake kina njia nyingine, huenda amechelewa tu na mwezi ujao atawachosha kwa maswali. Wewe pia hujui, wala yule mzee hajui, na wembe hautauliza. Usipige makofi nyuma ya mgongo wake ukasema umempima. Mpeleke atazamwe wote, mguu, mkono, jicho, sikio, mchezo wake na hofu zake, ndipo mtajua mnamfundisha vipi. Kituo kingali pale, wifi anapajua. Mke wako kama anasikia haya, mwambieni aje kwangu wakati wowote, mlango hauna komeo kwa mama mwenye mtoto.

Na usipompeleka kituoni, basi ujue kwamba Jumamosi asubuhi nitakuwa Kisongo, nimeketi kwenye kizingiti cha yule mzee. Nilikusudia kwenda peke yangu. Nilimweleza Naserian kwa mikono yetu kwamba ana mdogo wake, na anapelekwa wapi. Akagusa chini ya kidevu chake, akauliza kwa ishara kama mtoto ni mdogo kiasi gani, nikamwonyesha. Hakulia. Alikwenda kutafuta viatu vyake.

Atakaa upande wangu pale mlangoni. Ukitaka kupita na mwanao, utamwomba yeye akupishe, naye hatakusikia.

Sina salamu nyingine ya kukupa,

Mama Naserian